Kidole cha Shufaa

Shufaa Bushiri hapendwi hapa Ruaha Mbuyuni, na tangu nimfahamu sijamwona akihangaika kupendwa. Ni mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, mwenye mizani ya chuma aliyoining'iniza kwenye boriti ya banda lake kando ya barabara kuu. Mkulima akileta vitunguu, vinapimwa kwa kilo. Dalali akija na lumbesa, lile gunia la kushonewa kichwa cha pili juu ili gunia moja limeze gunia na nusu, Shufaa hamwambii "samahani kaka". Anamwambia, "Kata hicho kichwa au ondoka nalo."

Mimi ni Yudith, wakala wa pesa za simu, na kibanda changu kiko hatua kumi kutoka kwake. Zamani nilikuwa nasajili na laini pia. Sasa kimashine changu cha kusajilia kiko polisi, na nitaeleza kimefikaje huko. Naandika haya kwa sababu juu ya Shufaa wameshaandika wanaume wengi, na hakuna hata mmoja aliyeandika kweli.

Kilichowauma madalali hasa ni sauti yake, kuliko hata mizani. Kila siku baada ya swala ya alfajiri Shufaa huwapigia watu wake wa Dar, Iringa na Mbeya, huuliza kitunguu kimeamkaje sokoni, kisha hujirekodi dakika moja na kuwatumia wakulima wote kwa wasapu. "Shufaa hapa. Mbeya ni hivi, Iringa hivi, Dar hivi. Usiuze chini ya hapo. Mwisho." Hana salamu wala utani. Wakulima husikiliza wakiwa na majembe begani, na dalali akitokea saa mbili kuwaambia soko limeanguka, wanamwangalia tu na kuendelea kupalilia. Wako mia nne hivi, toka mabonde ya hapa mpaka kwa wafugaji wa Usangu wanaolima vitunguu pembeni ya mpunga.

Namba yake haijabadilika miaka kumi na moja. Imeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye ubao wa mizani, na wakulima wameiandika kwa mkaa kwenye kuta za maghala yao. Wapo wazee wasiojua kusoma barua, lakini namba ile vidole vyao vinaijua. Ukimnyang'anya Shufaa mizani atanunua nyingine. Ukimnyang'anya namba, hana kazi tena, na yeye na binti yake Nasrin hawana chakula.

Mwaka jana mwezi wa nane, vitunguu vikiwa vimejaa kila mahali, mtu akaitupa namba hiyo kwa mbwa.

Picha ilikuwa yake kweli. Ilikuwa ya sikukuu ya Idi, gauni la kijani na ushungi, aliyoiweka mwenyewe kwenye stetasi. Chini yake yaliandikwa maneno ambayo nitayasema nusu tu: mama wa Mbuyuni anapumzisha madereva, hachagui mtu, bei nafuu, piga saa yoyote. Kisha namba, yote, bila kukosea hata tarakimu. Iliwekwa kwanza kwenye kundi la wasapu la madereva na wanunuzi wa vitunguu wa Nyanda za Juu, ikaruka fesibuku, halafu ikaenda ilikotaka.

Simu ya kwanza ilimkuta anapima. Nyingine ikamkuta kwenye mkeka, adhuhuri, anaswali. Walikuwa wanapiga kwa zamu kama watu waliopanga foleni. Wengine wanapumua tu. Wengine wanataja kiasi. Lori moja lilisimama kabisa, dereva akashuka anachekacheka, akauliza mbele ya wakulima chumba kiko wapi. Shufaa akamwonyesha ndoano ya mizani na kumwuliza anataka kuning'inizwa kwa shingo au kwa mguu. Yule bwana akarudi garini. Lakini wakulima waliokuwepo hawakucheka, na wawili kati yao hawakurudi kesho yake.

Nilidhani watu wa hapa watamtetea. Upumbavu wangu. Madalali walikaa kwenye benchi la chipsi wakipitishiana simu, wakimwita "mama wa saa yoyote". Kiongozi mmoja wa soko, mtu mzima mwenye wajukuu, alimwambia asiweke tena picha stetasi, kana kwamba gauni la Idi ndilo lililoandika yale maneno. Nilimwuliza kama mke wake huwa anavaa gunia. Tangu siku hiyo hanisalimii, na mimi sijapungukiwa kitu.

Kilichomvunja Shufaa zaidi kilitoka kwa mwanamke mwenzake. Mbuke, mke wa Ngolo wa kule Usangu, mkulima wake wa miaka sita, alipiga mwenyewe. Shufaa alikuwa na mikono yenye udongo, akabonyeza spika, na mimi nikasikia yote.

"Wewe mwanamke, namba yako nimeifuta kwenye simu ya mume wangu. Ukimtumia tena hiyo sauti yako, nakuja huko na fimbo ya ng'ombe."

"Nilimtumia bei ya vitunguu, dada."

"Bei yako tumeiona."

Simu ikakatwa. Shufaa akarudi kwenye mizani na kitunguu mkononi. Wiki ile wakulima zaidi ya mia walijitoa, wengi kwa amri ya wake zao, na madalali wakaanza tena kushona vichwa vya magunia.

Hapo ndipo akapiga simu Iqbal, mdogo pekee wa Shufaa, anayeishi Ilomba kule Mbeya na kupokea vitunguu vya watu masokoni. Baba yao alifariki Iqbal akiwa wa miaka miwili, na Shufaa ndiye aliyembeba mgongoni mama yao akiwa kazini. Iqbal aliongea kwa upole kama shekhe. "Dada, achana na hiyo namba. Chukua laini mpya, tulia hata mwaka mmoja. Hiyo ya zamani nipe mimi. Sauti ya mwanamume hawataichezea. Wakulima nitawatumia bei mimi mwenyewe."

Shufaa aliponisimulia macho yalikuwa yamelowa. "Angalau nina mdogo wangu," alisema.

Na mimi, kwa mdomo wangu huu, nikamwambia ni shauri la busara.

Alikuwa ameshapanga aende Mbeya Jumamosi kumkabidhi. Alhamisi, dereva mmoja wa malori anayeitwa Sifaeli, mtu wa kimya ambaye Shufaa alimpimia mzigo mara nyingi, akamtumia picha za kioo cha simu yake, ukurasa baada ya ukurasa wa lile kundi. Aliandika tu: "Dada, na mimi nina mabinti. Hizi zinaweza kukusaidia." Juu ya ile picha ya Idi, namba ya aliyeiweka ilikuwa wazi.

Kila mtu aliyewahi kutuma pesa kwa simu anajua: ukiingiza namba, kabla hujathibitisha, jina la mwenye laini linatokea. Nikaingiza namba ile kama nataka kuitumia elfu moja. Jina likatokea. SHUFAA BUSHIRI.

Nikafuta, nikaingiza tena taratibu, namba moja moja. Likaja jina lilelile.

"Mashine yako imeharibika," Shufaa alisema.

Haikuwa imeharibika. Tulitazamana, na nadhani tulikumbuka kwa wakati mmoja. Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka elfu mbili na ishirini, pale serikali ilipotangaza kwamba laini zote zisizosajiliwa kwa alama za vidole zitazimwa. Watu walijaa kibandani kwangu hadi barabarani. Iqbal alikuwa bado hajapata namba ya kitambulisho cha taifa, analia kwamba laini yake itakufa. Shufaa akasema, "Weka kwa jina langu." Akaweka kidole kwenye kimashine mara ya pili, baada ya kusajili laini yake, na niliyekishika kimashine hicho ni mimi. Tulifanya hivyo kwa watu kibao msimu ule, mke kwa mume, shangazi kwa mpwa, na tulijiona wajanja. Baadaye Iqbal alipata kitambulisho, akasajili laini yake mwenyewe, akasema ile ya zamani imepotea pamoja na simu Makambako. Tukaisahau.

Nilianza kutukana. Nilisema tumpigie sasa hivi, nimwambie yeye ni nani. Shufaa hakutukana. Alipangusa kioo cha simu yake kwa ncha ya kanga, mara tatu nne, mpaka nikataka kumnyang'anya.

"Usimpigie," alisema. "Hiyo laini ni ya nani?"

"Ya Iqbal."

"Ya nani, Yudith?"

Nikaelewa. Ijumaa asubuhi tukapanda mlima Kitonga hadi Iringa mjini, kwenye duka la kampuni ya simu. Shufaa alimwambia binti wa kaunta kwamba ana laini yake haiko mikononi mwake, anaitaka. Akaweka kidole. Kidole kikakubali. Kabla ya saa sita laini ilikuwa imekufa Ilomba na imefufuka kiganjani mwa Shufaa. Tuliketi kwenye ngazi za duka, tukafungua wasapu kwa namba ile, na kwa kuwa mjinga yule hakuwahi kuweka neno la siri, ikafunguka. Meseji mpya zikaanza kuingia.

Moja ilitoka kwa dalali wa hapahapa Mbuyuni, ambaye kila asubuhi hunisalimia "kamwene" kwa heshima zote. Iliandikwa: "Iqbal vipi, dada yako kashakupa ile namba? Huku tumejipanga, wewe utangaze tu bei tutakayokupa."

Iqbal hakutaka hata kumdhalilisha kwa chuki. Chuki ningeielewa. Alitaka wakulima mia nne wa dada yake awauze, na njia rahisi aliyoiona ni kumfanya dada yake malaya.

Simu ikaita kwenye laini ileile. Alikuwa ni yeye, anapiga kwa laini yake nyingine kujua nani kaichukua. Shufaa akapokea.

"Nani mwenzangu?" Iqbal aliuliza.

"Mwenye laini," Shufaa akajibu, akakata.

Kutoka pale tulikwenda polisi. Askari wa kaunta, kijana mwenye meno meupe, alisikiliza nusu, akaingiza namba kwenye simu yake, akaona jina, akacheka mpaka akashika meza. "Mama, mbona hapa umejitangaza mwenyewe? Biashara ilikuwa ngumu?" Wanaume wawili kwenye benchi nao wakacheka, mmoja akiwa na pingu mkononi. Nilimwambia yule askari kwamba ningependa kuiona sura yake siku picha ya mama yake itakaporuka mtandaoni. Akataka kuniweka ndani. Mlango wa dawati la jinsia ukafunguliwa, na afande wa kike, Damari, akatuita.

Damari naye sikumpenda. Hakutupa pole. Alisoma picha za Sifaeli na meseji ya dalali, akaweka kalamu chini. "Nisikilizeni wote wawili. Laini ina jina lako. Ukitaka nimkamate mdogo wako, lazima uandike kwamba ulisajili laini kwa kidole chako ukampa mtu mwingine aitumie. Hilo nalo ni kosa. Ni lako, na la huyu wakala wako, na kimashine chake cha kusajilia nitakichukua kiwe ushahidi." Akanitazama. "Mnaweza kurudi nyumbani mkayamaliza kifamilia. Wengi hufanya hivyo. Nikishaandika, nimeandika."

Nilitamani Shufaa aseme turudi nyumbani. Nasema ukweli. Nilifikiria kibanda changu.

"Mwite kwanza," Shufaa alisema. "Aje na mama."

Walikuja Jumatatu. Iqbal alivaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi. Mama yao, Bi Bibie wa Ipogolo, alitembea mbele yake na uso uliofungwa. Hakumsalimia Shufaa. Mimi hakuniona kabisa.

"Umemleta mdogo wako polisi," alisema hata kabla ya kukaa. "Kwa maneno ya simu. Baba yenu yuko kaburini na jina lake liko hapa mezani kwa askari."

"Shikamoo mama," Shufaa alisema.

"Sitaki shikamoo yako."

Iqbal aliinamisha kichwa vizuri kabisa. Alisema ulikuwa utani wa kundi, watu wakaukuza. Alisema alitaka tu dada apumzike, maana kazi ya kupambana na wanaume barabarani haimfai mwanamke wa kwao. Alilitamka neno "apumzike" bila kuona haya, na nikaona kidole cha Damari kinagonga meza.

"Umesikia?" mama alimwambia Shufaa. "Ni utani. Mrudishie laini yake, akuombe radhi, twende nyumbani. Wewe ndiye mkubwa."

Hilo ndilo lililonikera kuliko yote, lile la mkubwa. Tangu akiwa msichana wa miaka kumi, Shufaa amekuwa mkubwa kila panapotakiwa mtu wa kuumia.

"Sawa, mama," alisema. "Nitafuta kila kitu. Afande hajaandika bado, ataacha. Ila kwanza Iqbal asome. Kwa sauti, mbele yako, kuanzia mwanzo. Akimaliza, ukiniambia bado ni maneno ya simu, nanyanyuka hapa, na namba yangu nampa."

Nilimvuta kanga chini ya meza. Hakunitazama.

Iqbal alimgeukia mama yake kutafuta msaada. Bi Bibie alishusha pumzi. "Soma basi, tumalize," alisema. "Kama ni utani utakushinda nini?"

Damari alikuwa amezichapisha zile picha za Sifaeli. Akamsukumia karatasi. Iqbal akasoma ya kwanza kwa sauti ya chini. Alipofika kwenye "hachagui mtu", Damari akamwambia aongeze sauti. Akaongeza. Akasoma majibu ya madereva. Akasoma aliyoyaandika mwenyewe kuwajibu, jinsi ya kumfikia, saa gani yuko peke yake. Mama yao alikuwa akitazama ukutani.

Karatasi ya tatu Iqbal akaiangalia na kuiweka chini.

"Zimebaki ngapi?" mama aliuliza.

"Zinafanana tu, mama."

"Soma."

"Mama, hii siyo mimi niliyeandika. Ni mtu mwingine."

"Iqbal. Soma."

Akasoma. "Mtu ameandika... kwamba hiyo kazi ni ya ukoo. Kwamba mama yao naye alikaa pale Ipogolo barabarani miaka yote na beseni la vitumbua." Akailainisha karatasi kwa kiganja. "Anauliza, mnadhani malori yalikuwa yanasimama kwa ajili ya vitumbua?"

Bi Bibie alikuwa amekaa na mikono mapajani, na mikono ile ina makovu ya mafuta hadi kwenye viwiko. Vitumbua hivyo ndivyo vilivyomlea Iqbal tangu akiwa wa miaka miwili. Hakuna mtu wa Ipogolo asiyejua hilo.

"Na wewe ulimjibu nini?" aliuliza. Sauti ilikuwa ya chini, ya kawaida kabisa.

"Sikuandika neno, mama. Wallahi sikuandika neno."

"Sijauliza neno. Nimeuliza ulimjibu nini."

Iqbal aliikunja ile kona ya karatasi, akaikunjua. "Nilicheka."

"Ulicheka."

"Niliweka sura za kucheka. Ni vitu vya simu tu, mama. Kila mtu anaweka."

Nilimtazama Shufaa. Nilidhani nitaona ushindi, kwa sababu mimi kwa upande wangu nilikuwa nao tele. Yeye alikuwa ameuma ushungi wake kwa meno na machozi yanamshuka bila sauti. Alikuwa ameijua karatasi ile tangu Alhamisi. Angeweza kumsomea mama yake kwa simu siku ileile akamaliza kazi, na hakufanya hivyo.

Bi Bibie alinyanyuka toka kwenye kiti kilichokuwa karibu na Iqbal. Hakwenda kwa Shufaa pia. Alisimama katikati ya chumba kile kidogo akiwa ameshika ukingo wa meza, na kwa muda nilidhani anatafuta mlango.

"Afande," alisema, "mimi kalamu inanishinda. Nikisema, utaniandikia?"

Damari alivuta karatasi safi. "Nitaandika, mama. Tuanze na nini?"

"Andika kwanza kwamba huyu ni mwanangu wa kumzaa," alisema. "Halafu nitakwambia alichotufanyia."